Kijana wa Kakontwe, pesa ya likelemba na motokari yenye usukani upande unaofaa

KAKONTWE, LIKASI – Hapa kijana akianza kushika mshahara, watu hawamuulizi kama atanunua motokari. Wanamuuliza ni ipi. Na jibu wanalolingojea linajulikana: Toyota IST kama anataka amani, Noah kama ana familia, Hiace kama anataka biashara. Akitaja gari lingine, wazee wanatikisa kichwa na vijana wenzake wanaanza kubishana mpaka giza linaingia.

Kijana mmoja wa mtaa huu, mwenye miaka 23, alitaja lingine. Ni mchomeleaji wa vyuma katika kampuni ndogo inayofanya kazi za mkataba migodini upande wa Kambove. Hakutaka jina lake liandikwe, kwa sababu habari za pesa zina pesa za mama yake ndani. Alikuwa na dola 4,200: dola 2,600 alizoweka mwenyewe kwa miaka mitatu, dola 1,000 za likelemba ya mama yake anayeuza makala na samaki wakavu, na dola 600 alizokopeshwa na mjomba wake.

Gari alilolitaka lilikuwa Toyota Altezza.

Anayejua magari ataelewa. Altezza ilitengenezwa kuanzia mwaka 1998 hadi 2005. Nguvu inakwenda kwenye magurudumu ya nyuma, na ile iitwayo RS200 ina injini ya lita 2 yenye nguvu za farasi 210 na gia sita za mkono. Kijana alikuwa na picha yake kwenye simu tangu akiwa shule. Jumapili anaangalia Safari Rally ya Kenya, mashindano yaliyoanza mwaka 1953, yakarudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021, na Toyota ikashinda kila mwaka kuanzia hapo hadi 2024. Hakutaka gari la kumfikisha kazini tu. Alitaka gari ambalo mtu anaamka Jumamosi na kutafuta sababu ya kwenda mahali.

Mama yake alikuwa na swali moja: "Hiyo motokari itarudisha pesa yangu namna gani?"

Mashauri ya garaji

Kwa kawaida shauri la namna hii linaishia kwenye garaji. Kijana alikwenda kwa fundi anayemwita yaya, mtu aliyemfundisha kufungua injini tangu akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Alimwonyesha picha, akamtajia nguvu za farasi.

Fundi aliendelea kufuta mikono. "Mudogo yangu, nguvu mia mbili ya kufanya nini? Uko na barabara ya kuitumia?"

"Yaya, si kukimbia tu. Ni kusikia motokari."

"Basi tafuta motokari nyepesi. Motokari nzito yenye nguvu utaisikia ukifika mia moja na ishirini. Nyepesi utaisikia hata ukiwa arobaini."

Maneno hayo yanastahili kuelezwa, maana ndiyo yaliyobadili utafutaji wote.

Raha ya kuendesha haitoki kwenye injini peke yake. Inatoka kwenye uzito, gia, usukani na breki. Altezza ina uzito unaozidi kilo 1,300. Gari dogo kama Toyota Vitz, Yaris au Starlet halifiki tani moja. Kwenye kona za kupanda na kushuka za Likasi, gari jepesi lenye gia za mkono linajibu kila kitu dereva anachofanya: ukikosea gia linakuambia, ukiingia kona vibaya linakuambia, na linakuambia ukiwa bado katika mwendo ambao kosa linasahihishwa. Gari lenye nguvu nyingi huchelewa kusema, na likisema wakati umepita.

Kuna jambo la pili ambalo wanunuzi wengi wa huku hawalihesabu. Likasi iko juu, karibu mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo farasi zilizoandikwa kwenye karatasi ya Japani si farasi zitakazofika Kakontwe. Yule wa 210 anabaki na kama 185, lakini kiu yake ya esansi haipungui kwa kiasi hicho.

Hesabu ya esansi

Fundi alichukua chaki akaandika kwenye mlango wa garaji. Kwenda Lubumbashi na kurudi ni kama kilomita 240. Altezza ikinywa lita 11 kwa kilomita 100, safari moja ni lita 26 na ushee. Gari dogo la lita 1.3 likinywa lita 6 na nusu, safari ileile haifiki lita 16. Tofauti ni lita kumi kwa kila safari. Kijana huenda Lubumbashi mara mbili kwa mwezi kumwona dada yake anayesoma chuo. Kwa mwaka ni zaidi ya lita 240 ambazo zingechomwa kwa ajili ya picha ya kwenye simu.

Tena injini ya RS200 ilitengenezwa kwa esansi bora ya Japani. Mtu akiilisha esansi ya chupa za kando ya barabara, ambayo hakuna anayejua imechanganywa na nini, ataiua polepole huku akilaumu Toyota.

Juu ya hayo kuna mkanda. Injini ya Altezza, kama ile ya Subaru Impreza ya miaka hiyo, inaendeshwa na mkanda wa raba unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Muuzaji karibu kila mara anasema umeshabadilishwa. Injini za 1NZ na 2NZ zilizomo ndani ya Vitz, Yaris na IST zinatumia mnyororo wa chuma. Zikipewa mafuta safi ya injini kwa wakati, mnyororo huo unaishi muda mrefu sana bila kuguswa.

Kijana alikubali hesabu, lakini moyo haukukubali. Siku hiyo alirudi nyumbani kimya.

Jicho la kushoto

Kilichomwamulia hakikuwa esansi. Kilikuwa usukani.

Msomaji wa Haut-Katanga anajua jambo hili mpaka hulioni tena. Sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kama walivyotuachia Wabelgiji. Japani wanaendesha upande wa kushoto, na Zambia, Tanzania na Afrika Kusini vilevile. Magari ya Japani yanayoteremshwa Dar es Salaam au Durban yanapanda kwa barabara, yanapita Zambia na kuingia Kasumbalesa na usukani wa kulia. Ni ya bei nafuu kwa sababu Japani gari likizeeka ukaguzi wake wa lazima, unaofanywa kila miaka miwili baada ya ule wa kwanza wa miaka mitatu, unageuka gharama, na mwenye gari anaona afadhali auze. Ndiyo maana mitaa yetu imejaa magari hayo, ingawa serikali imewahi kutangaza marufuku ya kuingiza magari yenye usukani wa kulia, na masharti ya umri wa gari lililotumika nayo yamebadilika zaidi ya mara moja.

Mjini usukani wa kulia ni usumbufu tu. Kwenye peaji abiria ndiye anayetoa pesa dirishani. Teksi ikisimama, mlango wa dereva uko upande wa mtaro.

Kwenye barabara namba 1 ni habari nyingine. Lori lenye shaba liko mbele, linapanda mlima kwa mwendo wa miguu. Dereva aliyekaa kulia haoni kitu zaidi ya mlango wa nyuma wa lori. Ili aone kama kuna gari linalokuja, inabidi atoe nusu ya gari lake kwenye njia ya wengine. Kwa hiyo madereva wengi wanamtumia abiria wa mbele, aliyekaa kushoto. Yeye ndiye jicho. Anachungulia, anasema "ngoja", "ngoja", halafu "pita".

Kijana huyu amekuwa jicho la watu wengi. Mwaka juzi, katika msimu wa mvua, alikuwa amekaa kushoto ndani ya Mark II ya rafiki yake wakitoka Lubumbashi. Alichungulia, akaona barabara tupu, akasema pita. Mbele kulikuwa na bonde dogo, na ndani ya bonde kulikuwa na lori lingine linalopanda. Rafiki yake hakuwa na nafasi ya kurudi. Walipita katikati ya lori mbili, kioo cha pembeni kikang'oka, wakaishia kwenye majani upande wa pili. Hakuna aliyeumia. Lakini rafiki yake hakupiga kelele wala kumlaumu. Alimwambia tu, "Wewe ndiye uliyesema." Mpaka leo kijana anasema neno hilo linamrudia usiku kuliko sauti ya kioo.

Alimsimulia fundi habari hiyo wiki ileile ya mashauri, na fundi akamuuliza swali lililofuata: "Sasa ukiwa na motokari yako, jicho lako litakuwa nani? Mama yako?"

Basi orodha ilifupishwa kwa siku moja. Altezza inatoka Japani na usukani wa kulia. Ndugu yake wa Ulaya, Lexus IS 200, ana usukani wa kushoto na gia sita za mkono, lakini ni mzito vilevile, ana injini ya silinda sita, na Likasi vipuri vyake ni vya kuagiza. Vitz RS ya lita 1.5 yenye gia tano za mkono, ambayo mtaalamu yeyote ataisifu kwa kijana mwenye pesa kidogo, ni ya usukani wa kulia. Suzuki Swift Sport ya mwaka 2005 iliyoonekana Lubumbashi, injini ya lita 1.6 na farasi 125, usukani kulia. RunX yenye injini ya farasi 190, kulia.

IST yenyewe, mfalme wa mitaa yetu, ilikuwa na kasoro ya ziada kwa mtu wa namna hii: Japani iliuzwa kwa otomatiki peke yake. Ni gari la heshima, lakini si la kumfundisha mtu kuendesha.

Komisioneri mmoja alimshauri anunue Vitz RS kisha ahamishe usukani. Wapo mafundi wanaofanya kazi hiyo. Fundi wa Kakontwe alikataa hata kulizungumzia. Kuhamisha usukani si kuhamisha gurudumu la mkono. Ni kukata dashibodi, kuhamisha mfumo wote wa kugeuza magurudumu, pedali, pampu ya breki, na kutoboa ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva. Kazi hiyo kiwandani inapimwa. Mtaani inachomelewa, na kijana ambaye kazi yake ni kuchomelea ndiye aliyesema mwenyewe kwamba hawezi kuamini weldi ya mtu mwingine mahali ambapo usukani umeshikwa.

Yaris ya mwalimu

Kilichobaki ni magari yaliyotoka Ulaya: usukani kushoto na, jambo zuri, mara nyingi gia za mkono, kwa kuwa Wazungu wa tabaka la kawaida walizoea hivyo. Yako machache Katanga. Yaliyo mengi yanateremkia Matadi na kubaki Kinshasa. Volkswagen Golf za zamani zipo, na zina raha yake, lakini mafundi wanaozijua vizuri wanapungua kila mwaka. Starlet ya mwaka 1996 hadi 1999 ni nyepesi na tamu, ila nzima haipatikani tena kirahisi.

Ikapatikana Yaris. Ni ya kizazi cha kwanza, ile iliyochaguliwa gari la mwaka Ulaya kwa mwaka 2000. Injini ni 2NZ ya lita 1.3, nguvu za farasi 86 kwenye karatasi, kama 75 kwa hewa ya huku. Gia tano za mkono. Usukani kushoto. Ilikuwa ya mwalimu mstaafu wa Likasi mjini aliyeletewa na mwanawe kutoka Ubelgiji. Bei aliyotaja: dola 3,600.

Ubora wake mkubwa hauonekani kwa macho. Injini hiyo ndiyo ileile iliyo ndani ya IST ya lita 1.3. Maana yake filta, plagi, koili na pampu ya maji vinauzwa kwenye kila duka la vipuri kutoka hapa hadi Kasumbalesa, na kila fundi ameshaifungua. Kijana alipata gari la kipekee lenye matumbo ya kawaida. Kwa mwenye mshahara mdogo hakuna mchanganyiko bora zaidi.

Walikwenda kuitazama saa 12 na nusu asubuhi, fundi na kijana, kabla mwalimu hajaiwasha. Saa hiyo ilichaguliwa kwa makusudi. Injini iliyokwisha pashwa moto huficha mengi. Walichofanya kinaweza kufuatwa na yeyote:

Kwanza walifungua kifuniko cha mafuta ya injini na kutazama ndani. Utando mweupe kama maziwa unasema maji yanaingia kwenye mafuta. Haukuwepo. Waliwasha injini ikiwa baridi, mmoja akisimama nyuma. Moshi wa buluu ni mafuta yanayoungua, moshi mweupe usioisha ni maji. Ulitoka mvuke kidogo ukakoma.

Pili walilinganisha namba ya shasi iliyopigwa kwenye chuma na ile ya carte rose, tarakimu kwa tarakimu. Hili ndilo jambo ambalo vijana huliruka kwa sababu ya haraka ya kushika usukani. Gari ambalo namba yake haifanani na karatasi si gari, ni kesi inayosubiri polisi wa roulage au mwenye mali wa zamani. Kwa gari linaloingia sasa, karatasi za forodha za DGDA nazo zitazamwe kabla pesa haijatoka mfukoni.

Tatu walipitisha sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa kwenye milango na matao ya magurudumu. Inaposhindwa kushika, chini ya rangi kuna mastiki, yaani gari liligongwa au lilioza. Sumaku ilishindwa mahali pamoja, tao la nyuma kulia. Mwalimu alikiri kabla hajaulizwa: mti wa geti.

Nne walisoma tairi. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne ndani ya duara refu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi iliyoandikwa 2319 ilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama meno yake yanang'aa. Za Yaris hii zote nne zilikuwa na zaidi ya miaka kumi.

Tano waliendesha, kwanza fundi, halafu kijana, kuelekea Kambove. Walipanda mlima kwa gia ya nne wakikanyaga esansi ghafla: injini ikapiga kelele lakini mwendo haukuongezeka sawasawa. Klachi inateleza, karibu kwisha. Kwenye matuta shokamzoba za mbele ziligonga. Breki zilisimama moja kwa moja bila kuvuta upande. Kiyoyozi kilikufa zamani.

Mwalimu alishuka mpaka dola 3,250, kwa sababu fundi hakumtukana gari lake. Alimsomea orodha tu, akiinama kidogo: "Papa mwalimu, motokari ni nzuri. Iko na kazi nne." Makomisioneri wangefaidi kujifunza namna hiyo ya kubishana bei.

Dola 950 zilizobaki

Vijana wengi huishia hapa: pesa yote inaingia kwenye gari, halafu gari linasimama uani miezi sita likingoja tairi. Huyu alibaki na dola 950, na kila moja ilishapewa kazi kabla hajalipa. Tairi nne mpya, dola 240. Klachi na kazi yake, dola 170. Shokamzoba mbili, dola 90. Mafuta ya injini, filta na plagi, dola 60. Jumla 560. Alitenga dola 250 kwa kubadilisha jina kwenye karatasi, vinyeti na bima. Bima nayo si lazima iwe ya SONAS peke yake kama zamani: sheria ya mwaka 2015 ilifungua soko, na tangu 2019 kampuni nyingine zimepewa ruhusa, kwa hiyo inafaa kuuliza bei mahali zaidi ya pamoja. Zikabaki dola 140 ndani ya bahasha ya mama, na ufunguo wa sanduku anao mama.

Makubaliano na mama ni haya. Jumamosi asubuhi Yaris inabeba magunia ya makala ya jirani watatu pamoja na ya mama, kwa malipo, mpaka dola 1,000 zake zirudi. Viti vya nyuma vinalala, na magunia mawili yanaingia. Kijana alitaka kufunika viti kwa plastiki. Mama alitaka kujua kwa nini gari la kubeba makala linaoshwa kila siku. Hawajakubaliana juu ya hilo.

Wenzake kazini walimcheka wiki ya kwanza. Farasi 75, tena rangi ya fedha kama ya wazee. Mmoja wao, mwenye Mark II ileile iliyopoteza kioo, aliomba kuijaribu. Alipanda nayo mlima wa kuelekea mjini, akashuka, akarudi na kuzunguka tena bila kuulizwa. Aliporudisha ufunguo hakusema habari za nguvu. Alisema, "Unaona barabara yote."

Hilo ndilo jambo ambalo bei zilizoandikwa kwenye vioo hazilisemi. Safari yake ya kwanza ya Lubumbashi kijana alikwenda peke yake. Alikuta lori mbele kwenye mlima. Alikaa nyuma yake kwa mbali, akasogea kidogo kushoto ndani ya njia yake mwenyewe, akaona bonde lote mpaka chini, akaona pia kwamba kuna gari linakuja. Akangoja. Likapita. Akatazama tena, akashusha gia mpaka ya tatu, akapita lori bila kumuuliza mtu.

Kwa wengine wanaotafuta

Kuna vijana wengine wanne mtaani walioanza kutafuta tangu Yaris ifike, na fundi amechoka kurudia, kwa hiyo maneno yake yako hapa. Anza na usukani wa kushoto kama utaitumia barabara namba 1. Tafuta uzito kidogo kabla ya nguvu nyingi. Chukua gia za mkono kama unataka kujifunza. Chagua injini ambayo jirani yako anayo. Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi, pamoja na mtu asiyelipenda gari hilo kama wewe unavyolipenda. Robo ya pesa ibaki nje ya gari.

Na mwenye usukani wa kulia tayari, maana ndio wengi wetu, asijilaumu bali akae nyuma ya lori kwa mbali, asipite mahali penye mlima au bonde, na asimpe mtoto wala abiria yeyote kazi ya kusema "pita". Kuchelewa Lubumbashi kwa nusu saa kunasameheka.

Mwalimu mstaafu alipita Kakontwe juma lililopita, akaiona Yaris yake ya zamani imebeba makala. Alisimama, akaizunguka, akagusa tao la nyuma lenye mastiki. Kisha alimuuliza mama bei ya gunia, akanunua moja, akaomba lipelekwe nyumbani kwake kwa gari hilohilo.